Mteja Wetu wa Omate

Kabla sijaeleza jinsi simu yangu ilivyonizalia mwanamume mzima, mwenye mke na watoto, lazima kwanza nieleze ugumu wa baba yangu kuhusu maziwa.

Baba hatoi maziwa kwa mtu asiyemjua. Kwenye kilima chetu cha Masisi, bido, yaani dumu la maziwa, haliondoki uani mpaka aulize litanywewa na nani. Ukimwambia ni la mwalimu, linakwenda, na baada ya wiki mbili atakuuliza kama yule kitinda mimba wa mwalimu ameanza kutembea. Ng'ombe akizaa, anatuma salamu kwenye kila nyumba inayokunywa maziwa yake, kama mtu anayewajulisha ndugu. Tabia hiyo aliirithi kwa baba yake, na mimi nilikua nikidhani dunia nzima hufanya hivyo. Halafu siku moja akaja bwana mmoja na gari, anataka maziwa yote ya kilima, kila siku, bila maneno mengi. Baba akamuuliza yanakwenda wapi.

"Inaenda mu mji, Papa."

"Mji haikunywake maziwa," baba akasema. "Batu njo banakunywa. Ni batu gani?"

Bwana yule hakuwajua hao watu, akaondoka na mabido yake matupu. Mimi nilinuna siku nzima. Nilikuwa na diploma ya ufugaji, nimerudi nyumbani mwaka wa tatu, na nilimwona baba yangu anafukuza bahati kwa fimbo.

Kisha ikaja ile masika mbaya. Barabara ikakatika sehemu mbili, nyumba zilizozoea kunywa maziwa yetu hazifikiki, na mabido yakawa yanarudi jioni maziwa yameganda. Tulikunywa mtindi mpaka tukachoka, tukawapa majirani, majirani nao wakaanza kukwepa njia ya kwetu. Asubuhi moja, tukiwa tunakamua, baba akasema bila kugeuza kichwa kwamba ng'ombe atawauza wote kumi na wanne. Mnunuzi wa Goma ameshaongea naye. Atakuja na lori Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.

Nilitaka kusema usiuze. Ni neno moja tu, lakini nyumbani kwetu mtoto hajibishani na baba kuhusu ng'ombe, hata akiwa mtoto wa miaka thelathini na moja. Nikaendelea kukamua. Baadaye nikafanya kile watu waliosoma hufanya wakishindwa kusema: nikaandika mradi.

Bahati ilikuwa kwamba wiki ile ile kulikuwa na mafunzo ya vijana ya siku tano katika ukumbi wa parokia. Mkufunzi alitoka Goma, amevaa viatu vilivyochongoka mbele, vya mtu ambaye hajaambiwa kuhusu matope yetu. Alitufundisha kupanga biashara changa, ile wanayoiita startapu, kwa hatua. Kwanza unachora ubao wenye visanduku tisa: mteja, unachompa, njia ya kumfikia, na kadhalika. Kisha unaujaza. Kisha unakwenda kuuliza watu kama ulichojaza ni kweli au ni ndoto zako. Na kwa kujaza, alisema, siku hizi hatuhitaji kuumiza kichwa. Akatuonyesha ile akili mnemba ya kwenye simu. Unaiandikia, nayo inakujibu papo hapo, kwa furaha, kama ilikuwa imekaa mlangoni tangu asubuhi inakusubiri wewe.

Kwetu mtandao unashikika sehemu moja, juu ya mwamba nyuma ya kanisa letu. Nikapanda. Nikaandika: nataka kutengeneza jibini Masisi na kuipeleka Walikale. Ikajibu: "Hilo ni wazo bora sana! Umefikiria kwa kina."

Sifichi, nilifurahi. Tangu nipate diploma hakuna aliyeniambia kwamba nimefikiria kwa kina. Ikaniuliza kama nina gari lenye friji. Nikasema sina. "Umefanya vizuri kunieleza!" Ikanishauri niweke kwanza jibini kwenye maduka makubwa yenye maegesho ya kutosha. Nikaieleza kwamba Walikale ni msitu, na kwamba ninachotaka ni kuwafikia wachimbaji wa machimbo ya Omate huko, watu wanaoshinda mashimoni mbali na majiko yao na wanaohitaji chakula kisichooza. Ikanishukuru tena. Kila nilipoipinga ilinisifu, mpaka nikaanza kuipinga kwa makusudi ili nisifiwe.

Nyumbani nikachana mfuko wa unga, nikautandaza mezani, nikachora visanduku tisa kwa mkaa. Baba akaja, akauzunguka.

"Iko mupango ya nyumba?"

"Hapana, Papa. Ni mupango ya kazi. Ya fromage. Kama maziwa haiwezi kufika, fromage itafika." Kwetu jibini tunaiita fromage.

Niliona jicho lake likipata uhai kidogo. Akaweka kidole kwenye kisanduku cha kwanza. "Na hapa?"

"Hapa ni kliya," nikasema, yaani mteja.

"Ni nani?"

Hapo nilipaswa kujua kwamba nimekwisha. Nikamwambia ni wachimbaji wa Omate. Akasema Omate iko na wachimbaji wengi, yeye anauliza huyu wa kwenye mfuko ni nani. Nikasema nitamletea jibu kesho.

Nikarudi mwambani. Bahati mbaya, hatua iliyofuata katika mafunzo yetu ilikuwa hiyo hiyo: umtengeneze mteja wa mfano, mtu mmoja wa kubuni, ili usipange biashara kwa ajili ya kundi lisilo na sura. Nikaiomba simu. Haikuchukua hata muda wa kufunga kamba ya kiatu. Tuseme ana miaka thelathini na minne, ikaandika. Tuseme anachimba Omate, na mke wake na watoto watatu wanaishi Mpofi, kijiji kilicho kwenye njia ya kwenda huko. Tuseme hapendi samaki wa chumvi, ambaye ndiye chakula kinachopatikana zaidi. Tuseme mtoto wake wa mwisho husumbuliwa na homa, hivyo anajali sana lishe.

Jioni, tukingoja ugali uive, nikamsomea baba. Kila nilipofika kwenye lile neno "tuseme" nikalimeza. Nakumbuka vizuri nililimeza mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa kwa haraka ya kusoma. Mara tatu zilizobaki zilikuwa uongo.

Baba alisikiliza akiwa ameinama, mikono juu ya fimbo.

"Maskini," akasema. "Na ni mutoto ya nani?"

Nikasema nitauliza. Nami nikauliza, maana nilikuwa nimeshaingia, na ile simu haina aibu ya kutojua. "Swali zuri!" Tuseme baba yake ni mkulima wa Itebero. Tuseme ni Mkristo. Tuseme alimaliza mahari mwaka jana tu. Kila jioni baba alikuwa na swali jipya, kila asubuhi mimi nilikuwa mwambani nikimbunia ndugu, shangazi, kovu la mguu. Baba alianza kumwita "kijana yetu ya Omate." Akaacha kumtaja mnunuzi wa Goma. Akapanda mwenyewe kwenye kibanda nilichokijenga cha kutengenezea jibini kuona kama naosha vyombo sawasawa, maana kijana wetu, alisema, nyumbani kwake kuna mtoto mgonjwa.

Siku moja alisikiliza simu ikinisomea majibu kwa sauti, ikianza na pongezi zake. Akakunja uso.

"Inasifu mingi sana. Muntu yenye anakusifia ngombe kabla ya kuiona, angalia mikono yake."

Nikamwambia ndivyo ilivyo, ina adabu. Akasema haya.

Jumapili iliyofuata ndiyo iliyonitoa jasho. Kanisani kwetu mchungaji huuliza nani ana ombi. Baba, ambaye hajawahi kuomba chochote mbele ya watu, hata mama alipokuwa hospitalini, akasimama na koti lake la Krismasi. Akasema kuna mtoto Mpofi, ana homa isiyoisha, baba yake yuko mbali mashimoni, tumkumbuke. Kanisa zima likafumba macho. Mke wa mchungaji akalia kwa sauti. Nilisimama pale nimeinamisha kichwa, namwomba Mungu kitu tofauti kabisa, na sioni kwa nini angenisikia.

Pasaka ikapita. Jibini zangu nne za kwanza zikawa tayari, za mviringo, ukubwa wa sahani, laini kama nilivyofundishwa shuleni. Simu ikasema sasa ni hatua ya kutoka ofisini na kukutana na wateja ana kwa ana, angalau kumi. Sikuwa na ofisi ya kutoka, lakini nilipanga kushuka Mpofi Alhamisi, peke yangu, kimya kimya, niulize watu kumi, nirudi na jambo la kweli la kumwambia baba kabla ya lori la Jumamosi. Alhamisi alfajiri nikamkuta baba ameketi kando ya pikipiki niliyoikodi. Amevaa lile koti. Amevaa na kofia.

"Maziwa ya kwanza haiendake mu nyumba ya muntu peke yake," akasema. "Naenda kumusalimia."

Nikasema njia ni mbaya. Akasema ameona mbaya zaidi. Nikasema Omate ni mbali, hatutafika. Akasema si mke yuko Mpofi. Huyo mke nilimweka Mpofi mimi.

Tukapanda: motari, dereva wa pikipiki, mbele, baba katikati, mimi nyuma na mfuko wa jibini mgongoni. Tuliteremka kutoka kwenye majani ya malisho mpaka kwenye joto la msitu, tukashuka kusukuma pikipiki mara nyingi kuliko tulivyoipanda, na njia yote baba alinigeukia kuniuliza kama mke wa kijana wetu anapenda chumvi. Nilikuwa na saa nyingi za kusema ukweli kule nyuma. Nilizitumia zote kuangalia mgongo wa koti.

Tulipofika Mpofi, baba hakutaka hata maji. Nyumba ya kwanza akavua kofia, akasalimia, akaeleza: tunatafuta kijana anayechimba Omate, mke wake yuko hapa, wana watoto watatu, mdogo ana homa, hapendi samaki wa chumvi. Nilikuwa nyuma yake natikisa kichwa kumwonyesha mwenye nyumba aseme hapana. Mwenye nyumba akamtazama mzee mwenye matope mpaka magotini, aliyetoka Masisi kwa miguu ya pikipiki, akamwonea huruma.

"Ah, ule!" akasema. "Alipita hapa, Papa. Alipita juzi tu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Baba akanigeukia kwa uso wa ushindi, akatoa kisu, akamkatia yule bwana kipande cha jibini kwa shukrani. Bwana akaonja, akasema tamu sana.

Nyumba ya pili wakasema mke wake yuko shambani. Ya tatu wakasema hapana, kijana amehamia Itebero kwa baba yake, ambako kweli nilikuwa nimemweka baba yake, hata mimi nikaanza kumwamini. Ya nne wakasema amenenepa. Mama mmoja aliyekuwa anatwanga akasema wake zake wote wawili ni watu wazuri.

"Wawili?" baba akaniuliza kwa sauti ya chini. "Haukuniambiaka ya pili."

Nitamlaumu nani? Huku kwetu nani atamwambia mzee aliyechoka kwamba mtu anayemtafuta hayupo? Unampa nusu ya jibu, apate nguvu za kufika nyumba inayofuata, na huko nako wanampa nusu nyingine. Mpaka alasiri kijana wetu alikuwa na wake wawili, tumbo, ugomvi na chifu, na sauti nzuri ya kuimba. Kila nyumba ilipata kipande cha jibini. Kila nyumba ilisema tamu sana, Papa, Mungu akubariki, mutuletee tena. Nilijaza fomu yangu ya maswali, nyumba kumi, ndiyo kumi. Nikaiandikia simu matokeo hayo. Ikajibu: "Hongera! Soko lako limethibitishwa."

Mlango wa kumi na moja ulikuwa wa duka. Mwenyewe ni mwanamke mnene wa upande wa Butembo, mfanyabiashara, rozari shingoni, kalamu sikioni, nyuma yake rafu za sabuni, betri na misumari, na mbele yake kikapu cha samaki wa chumvi. Baba akavua kofia, akaanza hadithi yake. Yule mama akamwacha amalize, bila kuitikia kwa kichwa hata mara moja.

"Ule muntu haiko," akasema.

Baba akasema lakini watu wamemwona.

"Papa, nisikilize. Miye njo nauzisha samaki ya chumvi hapa, miaka nane. Muntu yenye hapendi samaki ya chumvi, na anapitaka hapa kila wiki? Ningemujua. Ningekuwa nimeshagombana naye. Haiko."

"Beko banasema..."

"Beko banakuonea huruma, juu uko muzee. Na kafromage yako pia, banakuonea huruma. Kuja uone."

Akatutoa nje mpaka kwenye kona. Njia yote tuliyopita, kando ya kuta, kuku wa Mpofi walikuwa wanagombania vipande vya jibini yangu. Kwenye mlango wa nyumba ya nne mbwa alikuwa na kipande mdomoni, naye alionekana hajaamua kama ameze au ateme.

Baba hakumtazama yule mama, alinitazama mimi. Mkononi nilikuwa na simu yenye hongera.

"Papa," nikasema, "ule muntu haiko."

"Alikufa?"

"Hapana. Hakuzaliwa. Ni simu njo ilimutunga. Miye niliiomba imutunge, kisha nikakusomea kama ni kweli."

Nilimwona akimpunguza yule kijana kichwani, kitu kimoja kimoja: mke, kovu, baba wa Itebero. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Na mutoto?"

"Haiko, Papa."

"Ule ya homa?"

"Haiko."

Akashusha pumzi. "Basi Mungu asifiwe," akasema. "Hakuna mutoto mugonjwa."

Na alimaanisha. Niliona uso wake umelegea kwa faraja, na nikatamani ardhi ya Mpofi ifunguke pale pale, mbele ya kuku. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Yule mama akaleta kiti na maji. Baba akaketi, akanywa, na akili yake ya kilimani ikarudi. Akamuuliza yeye, kwa heshima, kama anakunywaka maziwa. Kwao Butembo, yule mama alisema, walikunywa, lakini huku ananunua ya unga. Na jibini hii, baba akauliza, ina ubaya gani? Yule mama hakumwonea huruma hata kidogo. Akakata kipande, akatafuna, akakitema kwenye kiganja chake.

"Haina chumvi. Huku batu banatoka jasho tangu asubui, banataka chumvi. Unaona samaki yangu? Hata haiko tamu. Iko tu na chumvi. Ya pili, iko kubwa. Muchimbaji hana meza, hana kisu ya kukata fromage. Anataka kintu ya kuingia mu mufuko, aende nayo Omate. Ya tatu, iko nyororo, na hapa iko joto. Kesho itakuwa supu. Mukitengeneza kadogo, kagumu, na chumvi mingi, muniletee, nitajaribu. Hii hapana. Hii siitake hata ya bure."

Mafunzo ya siku tano, wiki sita juu ya mwamba, na hakuna aliyeniambia mambo hayo matatu. Niliandika haraka haraka nyuma ya fomu ya ndiyo kumi. Baba yeye alikuwa anatabasamu. Akamuuliza ana watoto wangapi. Wanne. Wanapenda chumvi? Wanapenda. Wote wazima? Wazima, isipokuwa wa tatu mvivu wa shule. Baba akaitikia kwa kichwa, nikajua nyumba ile imeshaandikwa ndani yake pamoja na ya mwalimu.

Kisha akanigeukia. "Sasa. Juu ya nini ulinidanganya?"

Nikaanza kueleza hatua. Kwamba mteja wa mfano si uongo, ni njia, kwamba kupanga kunahitaji...

"Sikuulize hatua. Nauliza weye."

Mwenye duka akaanza kupanga misumari iliyokuwa imeshapangwa.

"Sipende uuzishe ngombe," nikasema. "Niliogopa kukuambia. Kama lori ikikuja na kuzibeba, siwezi kurudia kuingia mu ile lupango ya ngombe na kuikuta tupu. Siwezi, Papa. Njo ile tu."

Aliponyanyua uso alikuwa kama mtu aliyeamshwa.

"Kumbe unazipenda?"

"Nazipenda."

"Miye niliona ukikamua umekunja uso kila asubui. Diploma yako iko mu kabati. Benye mulisoma nabo beko Goma, beko mu biro, banaandika tu. Nikasema: huyu mutoto, miye na hii ngombe njo tumemufunga. Acha niuze, aende." Akafuta macho kwa kofia, bila kuficha. "Unafikiri miye nitaamuka juu ya nini, kama ngombe haiko?"

"Uso yangu iko vile tu, Papa," nikasema. "Asubui njo iko vile."

Yule mama akacheka, akajaribu kukificha kicheko kwa kikohozi, akashindwa. Nami nikacheka na machozi yananitoka, kwa hasira pia, maana nilikuwa nimehoji nyumba kumi za watu nisiowajua, na mtu ninayekula naye ugali kila jioni sikumuuliza swali hata moja. Naye hakuniuliza. Angewauza ng'ombe Jumamosi, kwa ajili yangu, nami ningekuwa nimesimama pembeni nahesabu mikia, kwa ajili yake, na tungeishi hivyo tukionyeshana adabu mpaka tufe.

Baba akaomba simu yangu. Mtandao Mpofi unashika vizuri karibu na mlango wa duka. Nikampigia mnunuzi wa Goma, nikamwekea baba sikioni. Baba hushika simu kwa mikono miwili na hupiga kelele, kwa sababu Goma ni mbali. Akamwambia asilete lori. Nilisikia sauti ya yule bwana ikipanda na kushuka, anasifu ng'ombe, anasema wale ng'ombe hawana mfano Masisi nzima. Kisha akauliza sababu. Nikadhani baba atamweleza habari za jibini ndogo ya chumvi, au duka, au angalau mradi wangu wa visanduku tisa, ambao kwa vyovyote ulikuwa wa kutajwa mbele ya mtu wa mjini.

"Mutoto yangu hataki," baba akasema.

Mtandao ukakatakata. Yule bwana hakusikia, akauliza tena sababu ni nini. Baba akasimama kwenye kiti, akavuta pumzi, na nyumba zote kumi na moja za Mpofi zikasikia.

"NASEMA MUTOTO YANGU HATAKI!"

Nikawapa mgongo wote wawili, nikajifanya napanga sabuni kwenye rafu za watu.